Mbegu Ishirini na Nne za Ubuyu

Mwezi uliopita wazee wa upande wa mume walikuja nyumbani kwa marehemu dada yangu kuchukua jibu la posa ya mjukuu wake. Kahawa ilikuwa imeshazunguka mara mbili na haluwa imeshaguswa pale ami yake binti alipotia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa karatasi. "Mtoto amekubali," akasema, "ila ameandika masharti." Masharti yenyewe manne. Mahari aipokee yeye kwa mkono wake. Aendelee kusomesha, maana ana cheti cha ualimu na kazi anayo. Akae nyumba yenye mlango wake na ufunguo wake. Na la nne: mume akimwacha miezi sita bila nafaka, yaani matumizi yake, naye akenda kwa kadhi na jambo likathibiti, basi talaka moja itakuwa imempata.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja akasema karatasi kwenye posa ni nuksi, watu hawajaoana wanazungumzia kuachana. Mwingine hakusema kitu, alinigeukia mimi tu niliyekaa upande wa wanawake karibu na pazia, akanitazama kwa kitambo. Alijua mtoto kayapata wapi maneno yale. Sikujitetea. Lakini usiku ule sikupata usingizi, zikawa zinanijia nyuso za watu niliowaandikia madai yao kwa miaka 28.

Nilikuwa karani wa mahakama ya kadhi katika wilaya moja ya Unguja, tangu 1991 hadi nilipostaafu 2019. Chumba kimoja, meza mbili, kabati la majalada lisilofungika vizuri, na nje ubao wa kukalia chini ya mwembe ambapo wanawake walifika mapema kuliko sisi. Mawakili wakati ule hawakuwa wakisimama mbele ya kadhi. Mwanamke alikuja na barua ya sheha, akaeleza yake, mimi nikaandika. Kwa hiyo kwa wengi mtu wa kwanza kuwasikiliza alikuwa mimi, na mimi nilikuwa na miaka 25 na sijui kitu.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama kijana kutoka kijiji cha wavuvi, mtoto wa miaka mitatu kamshika mkono. Alitaka nafaka. Mumewe alikuwa amekwenda dago upande wa Bara, miezi mitano haijaja hata pishi ya mchele. Kadhi akamuuliza kama amepata habari zake zozote. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, humo mlikuwa na sarafu mbili na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama hirizi. "Hii aliniletea kwa mkono wa nahodha," akasema. "Mimi sijui kusoma, Sheikh. Nimeiweka nikidhani ni anwani yake."

Kadhi aliitazama, akanipa mimi nisome kwa sauti. Ilikuwa mistari miwili ya wino wa buluu: jina lake, jina la mume, talaka moja, na tarehe ya miezi minne nyuma. Nilisoma taratibu nikitumaini maneno yatabadilika kabla sijafika mwisho. Mama yule akauliza kama nimesoma sawasawa. Kadhi akanituma nimuulize pembeni hesabu ya siku zake, na tulipohesabu, eda ilikuwa imekwisha bila yeye kujua kwamba aliingia. Ile miezi yote alikuwa na haki ya nafaka ya eda, na mume alikuwa na nafasi ya kumrejea, na wazee walikuwa na nafasi ya kusuluhisha, na yote yalipita yamefungwa kwenye pindo la kanga.

Alipata alichodai na zaidi: nafaka ya eda, salio la mahari lililokuwa deni, na fedha za mtoto kila mwezi. Samansi ilimfuata mume mpaka dago. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikauchukua msahafu nikaisoma Surat At-Talaq na tafsiri yake kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Niliihifadhi nikiwa mtoto chuoni, kwa sauti nzuri, na sikuwahi kuambiwa kwamba mle ndani mna amri ya mashahidi wawili waadilifu, na amri kwamba mwanamke aliye edani asitolewe nyumba aliyokuwa akikaa, na amri ya mwenye wasaa kutoa kwa wasaa wake.

Ndipo nikaanza kuyakumbuka mafunzo yangu mwenyewe. Niliozwa 1988. Somo wangu alinifunza siku saba ndani ya chumba kilichofukizwa udi: twahara, josho, heshima kwa mavyaa, namna ya kumpokea mume, namna ya kunyamaza. Alikuwa mwanamke mwema na mengi aliyonifunza nayashukuru hadi leo. Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utenzi wa mawaidha ya ndoa mnamo 1858 akiwa mgonjwa, na kwa miaka mingi mama zetu wa pwani wamewafunza mabinti kwa njia hiyo hiyo, kwa mapenzi na kwa hofu ya kuwaacha peke yao. Lakini somo wangu hakunionyesha cheti cha ndoa. Sikukiona mpaka mwaka wa nne, nilipokuwa natafuta karatasi nyingine sandukuni. Kwenye nafasi ya mahari kulikuwa na kiasi, na mbele yake neno "yamelipwa". Sikuwahi kuishika hata shilingi moja.

Baba yangu ndiye aliyeipokea. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa swala, na kilemba chake alikwisha kupewa mbali. Mahari yangu aliinunulia kitanda na kabati nilivyopelekwa navyo, na mbele za watu ikaonekana kaniandalia yeye. Sikuthubutu kumuuliza. Ni yeye mwenyewe aliyenianza, nimeshafanya kazi mahakamani miaka sita. Alikuja nyumbani baada ya Isha, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua kofia, akaniwekea bahasha mezani. "Mwanangu," akasema, "nimesomesha aya ya mahari miaka thelathini. Leo imenisomesha mimi." Nilimwambia nimemsamehe. Akasema msamaha aupokee baada ya mimi kuihesabu, kwa sababu aya imesema wanawake wapewe, kisha wao wenyewe wakiridhia ndipo mtu ale. Nikaihesabu mbele yake. Mpaka leo sijamwona mwanamume aliyekuwa mkubwa machoni mwangu kama baba yangu usiku ule.

Miaka ile ya tisini ndiyo miaka ya mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa vijijini walikuwa na fedha isiyopitia mkono wa mume. Wakanunua matofali, saruji, mabati. Kisha ndoa ikivunjika wanakuja kwetu, mikono imechujuka kwa maji ya chumvi, na nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha mume, risiti hakuna. Mmoja aliniambia anaweza kunionyesha bati kwa bati lipi kanunua msimu gani. Kadhi alimwamini, mimi nilimwamini, ila mkono wa mahakama haukufika pale. Bara wakati huo ilikuwa imeshapata hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu. Kwetu tuligojea mpaka Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyompa kadhi uwezo wa kugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa pale mchango unapothibiti. Yule wa mabati alishafariki.

Jambo lililokuwa likinichosha zaidi ni talaka za kununuliwa. Mwanamke anapigwa, au ametelekezwa, anataka kutoka. Mume anasema nirudishie mahari yangu, na gharama za harusi, na cherehani niliyokununulia, ndipo nitoe karatasi. Na wazazi wa mke, kwa uchovu, wanakusanya fedha. Nilidhani ndiyo sheria, mpaka alipohamishiwa kwetu kadhi mwingine, mtu mwembamba asiyependa haraka. Yeye kabla ya kutamka neno khului alikuwa anauliza: "Huyu mume amekukosea nini?" Kisha anauliza tena kwa njia nyingine, na ya tatu. Akinieleza, alisema khului ni mlango wa mwanamke ambaye mumewe hana kosa ila moyo wake haumtaki, kama mke wa Thabit bin Qais aliyerejesha bustani. Aliyedhulumiwa mlango wake ni mwingine, unaitwa faskhi, na huo haulipiwi. "Ukimtoza aliyepigwa," alisema, "umemwambia mpigaji kwamba kipigo kina bei."

Siku moja walikuja wazee sita na mwanamke mmoja. Wazee wanamtaka arudi kwa mume, wanamsihi, wanamlilia, mmoja amempigia magoti. Mwanamke kainama tu. Kadhi akawasimulia habari za Barira. Alikuwa mtumwa, akaachwa huru, na kwa uhuru ule akapewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Akachagua kuachana. Mughith akawa anamfuata njiani Madina akilia mpaka machozi yanamtiririka ndevuni, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwonea huruma, akamwombea kwa Barira arudi. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akasema basi hamhitaji. Na hakuna aliyemlaumu. Kadhi akawatazama wale wazee: "Maombezi yenu nimeyasikia. Sasa nimsikie yeye." Mwanamke akainua uso, na maneno aliyosema yalikuwa matatu tu, nami nikayaandika.

Lakini shauri ninalolikumbuka mpaka harufu yake ni la mayatima wawili, wasichana, mmoja wa miaka tisa na mmoja saba. Baba yao alifariki akaacha shamba la minazi na nyumba ya mawe. Ami yao akalishika shamba siku ya hitma. Kila miezi mitatu anaangua nazi, anauza, na kwa mjane anapeleka nazi kumi za kupikia na vazi la mtoto siku ya Idi. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini kabisa kwamba shamba ni la ukoo, na mjane ataolewa, na wasichana wataolewa, na shamba litabaki kwake kama alivyoliacha babu. Alikuja mahakamani kwa kiburi cha mtu mwenye haki, kanzu imepigwa pasi.

Kadhi hakubishana naye. Alinituma kwa mtoto aliyekuwa akiuza ubuyu nje nikanunue pakiti mbili. Akazimwaga mbegu juu ya gazeti, zile nyekundu zenye sukari, akazihesabu 24. "Hili ni shamba la marehemu," akasema, "deni limelipwa na wasia hakuna. Sote tutagawa." Akasogeza tatu kwa mjane: thumni yake. Akasogeza 16 kwa watoto, theluthi mbili, nane kwa huyu na nane kwa huyu. Yule mdogo akaanza kuzila zake, mama akamzuia, kadhi akasema mwache, ni zake. Zikabaki tano juu ya gazeti. "Hizi zako, ndugu yangu. Zichukue." Ami mtu alizitazama kwa muda mrefu. Akazikusanya moja moja, na vidole vikawa vyekundu. Akasema, "Tano tu?" Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa akisoma kwa miaka mingi neno moja vibaya.

Ndipo kadhi akamweleza habari iliyoleta mgawo huu. Sa'd bin Rabi'i aliuawa shahidi Uhud, nduguye akachukua mali yote, mjane akaenda kwa Mtume na mabinti zake wawili kulalamika kwamba watoto hawataolewa hali hawana kitu. Ikateremka aya ya mirathi, na yule ami akaamrishwa atoe theluthi mbili kwa mabinti, thumni kwa mama yao, kinachobaki kiwe chake. Mjane, mabinti wawili, ami. Watu wale wale waliokuwa wamekaa mbele yetu. Kadhi hakusahau pia kumkumbusha onyo la Surat An-Nisaa juu ya tumbo la mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma. Ami yule alirudi baada ya wiki na daftari la mauzo ya nazi ya miaka miwili. Alilipa kidogo kidogo kwa muda wa mwaka na nusu, kila mara akipitia kwangu nimwandikie stakabadhi. Katika mashauri yote niliyoyaona, machache yalimalizika hivyo, na nimejiuliza mara nyingi: laiti mtu angezimwaga zile mbegu kwenye jamvi la hitma yenyewe, siku ile ile, wangehitaji mahakama?

Sasa nije kwenye jambo ninaloandika kwa uzito. Sisi Wazanzibari tuna neno letu, muhali. Unamjua mkosaji, ana udugu na wewe au mmekula sahani moja, basi ulimi unakuwa mzito. Muhali umewalinda waovu wengi kwetu kuliko giza. Alikuja mama mmoja kudai talaka. Nilipomuuliza sababu aliomba mlango ufungwe. Mtoto wake wa darasa la tatu alikuwa ameharibiwa na jamaa wa mume, na mume amemwamrisha anyamaze, yatamalizwa kifamilia. Yamemalizwa vipi? Jamaa yule ametoa mbuzi na ameapishwa.

Kadhi alipolisikia aliifunga kalamu yake. Akasema hili halimo katika mamlaka yake na halimo katika mamlaka ya ukoo wowote. Lina polisi, lina daktari, lina mahakama yake. Akamwandikia barua papo hapo. Wakati ule hatukuwa na vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambapo mtoto hupata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Mama yule alizunguka afisi nne na mtoto wake. Shauri lilifika mahakamani likafia njiani kwa kukosa mashahidi. Watu walioona waliingiwa na muhali.

Na mimi? Mwaka mmoja baadaye jirani alininong'oneza habari kama hiyo, na anayetajwa alikuwa binamu wa mume wangu. Nilikaa siku mbili bila kusema. Siku mbili, mimi niliyeandika barua za wengine kwa mkono wangu. Nilipika, nilisali, nilisoma, na kila nikifika kwenye aya ya Surat An-Nisaa inayowataka waumini wasimame na uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zao, au wazazi, au jamaa, nilikuwa naruka. Siku ya tatu nilikwenda. Mtoto alipata msaada na mtu yule alifungwa. Nyumba mbili za ukoo hazikunijibu salamu kwa miaka, na moja mpaka leo. Zile siku mbili bado zinaniuma kuliko salamu zile.

Baada ya hapo nilianza darasa. Alkhamisi baada ya Alasiri, kwenye chuo cha marehemu baba, wasichana wanaokaribia kuolewa. Nilitumia vitabu vidogo vya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi hapa Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye aliona haja ya kuwaandikia Waswahili mambo ya ndoa na talaka kwa lugha yao. Somo la kwanza daima ni cheti: kinakaa wapi, kinasema nini, nani katia saini. Niliwaambia kwamba Indonesia, ambako Waislamu wengi ni Mashafi kama sisi, waume wengi baada ya akdi husoma maneno ya taklik yaliyochapishwa ndani ya kitabu chenyewe cha ndoa: akimnyima mke nafaka ya wajibu miezi mitatu, akimdhuru, akimtelekeza, mke aende mahakamani, na ikithibiti talaka inampata. Wala hakuna anayesema ni nuksi.

Mwaka wa tatu nikamwomba kadhi tuwachukue na wavulana. Watu walishangaa. Lakini ni wavulana watakaoandika zile karatasi za mistari miwili. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, mikono ya grisi, aliuliza mtoto ni wa nani watu wakiachana. Kadhi akamwambia kwa madhehebu yetu mama ndiye mwenye haki ya kumlea mpaka apambanue, kwenye miaka saba, kisha mtoto mwenyewe huhiarishwa, na muda wote huo nafaka iko juu ya baba. "Hata akiwa anakaa kwao mwanamke?" Hata akiwa kwao. Kijana akaomba kalamu. Aliandika kwenye kiganja kwa kuwa hakuja na daftari.

Mjukuu wa dada yangu alikaa darasani kwangu miaka miwili, mstari wa mbele. Yale masharti manne sikumwandikia mimi. Lile la miezi sita nilimwambia ni refu, aseme mitatu. Akanijibu, "Bibi, nimempa nafasi ya mtu aliyeharibikiwa na kazi."

Siku ile ya posa wageni walisema watajibu baada ya Ijumaa. Ijumaa hiyo imepita. Jibu bado, ila wanawake wana njia zao, na jana nimeletewa habari kwamba mama wa kijana, ambaye hakupata bahati ya kusoma, ameomba ile karatasi asomewe. Alisomewa. Akaomba irudiwe sharti la nne, polepole.